Joseph Thomson: Msafiri aliyewafungulia wataalamu mimea ya milimani, akaiacha Elgon na pengo

Jina la Joseph Thomson halijafutika nchini Kenya. Maporomoko ya maji ya Nyahururu yaliitwa kwa jina lake kwa miaka mingi, na mji uliomea kando yake ukaitwa hivyo hivyo hadi baada ya uhuru. Swala tomi, yule mnyama mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni anayejaa katika mbuga za Mara na Serengeti, naye amebeba jina hilo tangu mwaka 1884. Lakini mchango wa Mskochi huyo ambao haukuzungumzwa sana ni ule wa majani makavu yaliyobanwa katikati ya karatasi na kubebwa vichwani mwa wapagazi hadi pwani. Ni majani hayo yaliyowawezesha wataalamu wa mimea kuanza kulinganisha milima ya Afrika Mashariki na milima mingine ya bara hili. Na ni majani hayo hayo yanayoonyesha ni wapi msafara wake haukupata nafasi ya kuchuma.

Thomson alizaliwa Februari 14, 1858 katika kijiji cha Penpont, kusini mwa Scotland. Baba yake, William, alikuwa fundi wa mawe aliyejiinua hadi kumiliki machimbo, na kijana huyo alikua akivunjavunja miamba ili aone kilichomo ndani. Alipoingia Chuo Kikuu cha Edinburgh alisomea jiolojia chini ya Archibald Geikie, mmoja wa wanajiolojia mashuhuri wa zama zile, na masomo ya viumbe hai pia hakuyaacha kando. Elimu hiyo ya pande mbili ndiyo iliyomtofautisha na wapelelezi wengi wa karne ya 19, ambao walijua kupiga bunduki na kupima latitudo lakini hawakujua tofauti ya jiwe la volkeno na jiwe la mchanga.

Mwaka 1878, akiwa na umri wa miaka 20, aliajiriwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kama mwanajiolojia na mtaalamu wa viumbe katika msafara wa Keith Johnston. Msafara uliondoka Dar es Salaam Mei 1879. Kabla ya miezi miwili kupita, Johnston aliugua ugonjwa wa kuhara damu na kufariki dunia huko Behobeho, upande wa Rufiji. Kijana wa miaka 21 akajikuta kiongozi wa watu wengi katika nchi asiyoijua.

Wengi walidhani atarudi pwani. Hakurudi. Alisonga mbele hadi Ziwa Nyasa, kisha Ziwa Tanganyika, akachunguza mto Lukuga unaotoa maji ya ziwa hilo kuelekea Kongo, na akaliona Ziwa Rukwa akiwa njiani kurejea. Ikumbukwe kwamba hakufanya hayo peke yake. Nahodha wa wapagazi wake alikuwa Chuma, yule yule aliyekuwa miongoni mwa waliobeba maiti ya David Livingstone hadi pwani. Bila busara ya Chuma katika kuzungumza na watawala wa njiani na kuwatuliza wapagazi waliochoka, ni vigumu kuona jinsi mwanafunzi aliyetoka chuoni juzi angeufikisha msafara ule mwisho wake. Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882, na pengo lake lilionekana katika safari iliyofuata.

Safari hiyo ndiyo iliyomfanya Thomson ajulikane. Chama cha Jiografia kilitaka kujua kama kuna njia fupi kutoka pwani ya Mombasa hadi Ziwa Viktoria kupitia nchi ya Wamaasai. Wafanyabiashara Waswahili walikuwa wakiijua njia hiyo kwa muda mrefu kwa sababu ya pembe za ndovu. Mmisionari Thomas Wakefield alikwisha kukusanya masimulizi yao na kuyachapisha mwaka 1870, yakiwa na majina ya vituo, idadi ya siku za mwendo na mahali penye maji. Kwa hiyo nchi aliyopewa Thomson aigundue ilikuwa tayari imo vichwani mwa watu wa Mombasa na Pangani. Waliokuwa hawajaiona ni wasomi wa Ulaya.

Wataalamu wa mimea nao walikuwa na hamu yao. Katika bustani ya Kew, karibu na London, Joseph Hooker alikuwa amechunguza mimea iliyokusanywa na Gustav Mann katika milima ya Kamerun mwanzoni mwa miaka ya 1860. Alishangaa kuona kwamba mimea ya juu kabisa ya Kamerun, iliyo pwani ya magharibi, ilifanana mno na ile ya nyanda za juu za Ethiopia, iliyo mashariki, ingawa kati yake kuna maelfu ya kilomita za misitu ya joto na nyika. Mmea wa baridi hauwezi kuvuka bonde la Kongo kwa urahisi. Je, ulifikaje huko? Na katika milima iliyo katikati, je, mimea hiyo ipo?

Jibu lilihitaji vielelezo kutoka Kilimanjaro, Kenya na milima inayoizunguka. Vilivyokuwapo vilikuwa vichache. Mmisionari Charles New alifika kwenye mpaka wa theluji ya Kilimanjaro mwaka 1871 na kuleta mimea kiasi, ambayo Hooker aliiandikia maelezo miaka michache baadaye. Baada ya hapo palikuwa na utupu. Kwenye ramani ya mimea, eneo lote kutoka Kilimanjaro hadi Ethiopia lilikuwa jeupe.

Thomson aliondoka Mombasa Machi 15, 1883. Msaidizi wake alikuwa James Martin, baharia wa Malta ambaye hakujua kusoma wala kuandika lakini alikijua Kiswahili vizuri. Walipofika Moshi, kwa mtawala Mandara, Thomson alipanda mlima kwa siku moja tu, akafika karibu futi 9,000, yaani kama mita 2,700, huku akichuma kila kilichokuwa kikichanua njiani. Siku moja katika mlima wa karibu mita 5,900! Hata hivyo, mimea ya siku hiyo moja ilikuwa hazina kwa Kew.

Aliposogea kuingia Umaasaini alikuta mambo yameharibika. Mjerumani Gustav Fischer alikuwa ametangulia na msafara wake ulikuwa umepigana na Wamaasai, jambo ambalo liliwaacha wenyeji wakiwa na hasira. Thomson, ambaye alijulikana kwa kukwepa vita hata pale alipodhalilishwa, aliona afadhali arudi nyuma. Alikwenda mbio hadi Mombasa kuongeza watu na bidhaa, kisha akaanza upya Julai mwaka huo, safari hii akifuatana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara maarufu wa Pangani. Hapo tena mwenyeji wa pwani ndiye aliyekuwa mlango.

Kutoka Ngong walifika Naivasha, Thomson akapanda kilele cha Longonot na kuchungulia kreta yake. Kutoka hapo alikata kuelekea Laikipia. Safu ya milima aliyoiona kulia kwake aliipa jina la Aberdare, kwa heshima ya rais wa chama kilichomtuma, bila kujali kwamba Wakikuyu walikwisha kuipa jina lao, Nyandarua. Aliuona Mlima Kenya kwa macho yake, akakata shaka ya wale waliokuwa wakidai kwamba theluji juu ya ikweta ni ndoto ya wamisionari. Lakini hakuupanda. Wamaasai wa Laikipia walikuwa wakiomboleza mifugo yao iliyokufa kwa tauni na walianza kumtilia shaka mgeni huyu aliyejifanya mganga kwa chumvi ya matunda inayotoa povu na meno mawili ya bandia aliyoweza kuyatoa na kuyarudisha. Aliondoka usiku, kimyakimya, akaelekea Baringo.

Hapo inafaa kutua kidogo. Mtu anayekimbia usiku hachumi maua. Ukiangalia orodha ya mimea iliyotokana na safari ile, unaona uzito wake uko Kilimanjaro, Naivasha, Laikipia na nyanda zinazozunguka Aberdare, mahali ambapo msafara ulipumzika au ulitembea kwa utulivu. Mlima Kenya, uliokuwa mbele ya macho yake, haukuguswa katika safari ile; J. W. Gregory alipanda sehemu yake mwaka 1893 na Halford Mackinder alifika kileleni mwaka 1899. Orodha ya mimea ya mlima ni picha ya mlima, lakini pia ni picha ya hofu, njaa na mvua za aliyeiandika.

Kutoka Baringo, Thomson alivuka nchi iliyokuwa ikiitwa Kavirondo. Alipita kwa Wakabras, akavuka mto Nzoia na kufika Kwa Sundu, mahali panapojulikana leo kama Mumias. Nchi hiyo ilimfurahisha. Baada ya miezi ya nyama tupu, wapagazi walikula mtama, viazi, kuku na samaki, na bei ilikuwa ya chini. Desemba 10, 1883 alifika ufuoni mwa Ziwa Viktoria upande wa Samia. Alikuwa mgonjwa wa homa, shanga za kununulia chakula zilikuwa zinakwisha, na habari za Uganda hazikuwa za kumtia moyo. Akageuka.

Badala ya kurudi kwa njia ile ile, aliamua kupita kaskazini ili auone mlima mkubwa uliokuwa ukijitokeza juu ya mawingu. Wabukusu na majirani zao Wagisu huuita Masaba. Thomson aliuandika pia kwa jina la Masawa, lakini jina alilolipeleka kwenye ramani za dunia ni Elgon, alilolitoa kwa watu wa El Kony, mojawapo ya jamii zinazojumuishwa leo katika Wasabaot.

Kilichomvutia huko ni mapango. Katika miteremko ya kusini alikuta pango kubwa lenye watu wanaoishi ndani, pamoja na vibanda na ng'ombe wao, wakijikinga na mashambulizi. Mwanajiolojia aliyekuwa ndani yake aliamka. Aliyapima, akaugusa mwamba, akafikia uamuzi kwamba mapango hayo yalichimbwa na watu wa zamani waliotafuta madini au mawe ya thamani. Alikosea. Uchunguzi wa baadaye, hasa katika pango la Kitum upande wa Trans Nzoia, umeonyesha kwamba maji yalianza kazi hiyo na ndovu wakaiendeleza, wakikwangua kuta kwa pembe zao gizani ili walambe chumvi. Hata watu wa mlimani walikuwa wakichimba chumvi hiyo kwa ajili ya mifugo yao.

Mapango yalichukua muda ambao mimea ingeuhitaji. Thomson hakupanda kileleni, wala hakuona tambarare za juu zenye senesio wakubwa kama minazi midogo na lobelia zinazosimama kama mishumaa. Chakula kilikuwa kimepungua, na siku ya mwisho ya mwaka 1883, msafara ukiwa umeanza kuupa mlima kisogo, alimpiga risasi nyati, akamsogelea akidhani amekufa. Nyati aliinuka na kumrusha hewani kwa pembe. Jeraha la paja lilimfanya aanze mwaka mpya akiwa amebebwa kwenye machela. Baada ya kupona kidogo alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu uliomlaza kwa majuma mengi, hata wenzake wakakata tamaa. Alifika pwani mwishoni mwa Mei 1884, akiwa mifupa na ngozi.

Mimea ilifika Kew salama. Mwaka 1885 Daniel Oliver aliiandikia maelezo, na Hooker akatanguliza maoni yake, katika jarida la Chama cha Linnaeus. Kwa mara ya kwanza milima ya Afrika Mashariki ilipata nafasi yake kati ya Ethiopia, Kamerun na Rasi ya Tumaini Jema. Miongoni mwa spishi mpya zilizotangazwa humo ni Anemone thomsonii, ua jeupe la nyanda za baridi, na Delphinium macrocentrum, ua la rangi ya bluu na kijani ambalo wapanda milima wa Kenya wanalifahamu. Mwaka huo huo kitabu chake kuhusu nchi ya Wamaasai kilitoka na kusomwa kotekote Ulaya, na Chama cha Jiografia kikamtunuku nishani ya dhahabu. Alikuwa na miaka 27.

Njia aliyoifungua haikuwa salama kama ilivyodhaniwa. Askofu James Hannington aliifuata mwaka 1885, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba kwa amri iliyotoka kwa Kabaka Mwanga, ambaye aliwaogopa wageni wanaoingia kutoka mashariki. Baadaye Waingereza waliifuata kwa bunduki, kisha kwa reli iliyofika ufuoni mwa ziwa mwaka 1901. Thomson mwenyewe alitumwa Sokoto mwaka 1885 kuwatafutia wafanyabiashara wa Kiingereza mikataba, akazuru milima ya Atlas nchini Morocco mwaka 1888, na mwaka 1890 akatumwa na kampuni ya Cecil Rhodes kwenda Katanga kwa mtawala Msiri. Ndui iliingia katika msafara na hakufika. Alirudi na maradhi ambayo hayakumwacha, akafariki London Agosti 2, 1895, akiwa na umri wa miaka 37.

Pengo aliloliacha Elgon lilizibwa polepole na bila mpangilio. Frederick Jackson na Ernest Gedge waliuvuka mlima mwaka 1890, wakiwa wafanyakazi wa kampuni iliyotafuta pembe na mikataba. Wakusanyaji wengine walipanda katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Mwaka 1948 Msweden Olov Hedberg alipanda Elgon na milima mingine mirefu ya Afrika Mashariki, na kitabu chake cha mwaka 1957 kikawa msingi wa elimu ya mimea ya vileleni. Lakini Hedberg alishughulikia ukanda ulio juu ya msitu. Hivyo ikatokea ajabu moja: mimea inayoota kwenye kimo cha mita 4,000, ambako haishi mtu, ikajulikana vizuri kuliko ile ya miteremko ya chini ambako watu wanalima.

Sirisia, katika Kaunti ya Bungoma, ni mfano wa miteremko hiyo. Eneo hilo liko chini ya mlima upande wa kusini magharibi, karibu na mpaka wa Uganda unaofuata mto Lwakhakha. Mashamba ya mahindi, kahawa, migomba na tumbaku yamechukua nafasi ya sehemu kubwa ya uoto wa asili, na mabaki yake yamebaki kando ya mito, kwenye miamba na katika vichaka ambavyo wazee huvijua kwa dawa zake. Anayetaka kujua ni miti gani iliyokuwa hapo miaka 150 iliyopita hawezi kumuuliza Thomson. Msafara wake uliufikia mlima upande wa kusini, ukageukia mashariki kuelekea Baringo.

Mpaka wenyewe umeongeza ugumu. Katika kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012 ikiwa na spishi zaidi ya 12,000, nchi hizo ziligawanywa katika maeneo yenye herufi na namba. Mlima Elgon ukaangukia sehemu tatu: upande wa Mbale ukawa U3, Trans Nzoia ikawa K3, na Bungoma, iliyokuwa ndani ya Kavirondo Kaskazini, ikaingia K5 pamoja na Nyanza yote hadi Kisii na Kericho. Mmea uliochumwa mara moja tu Kisii humpa msomaji alama ile ile ya K5 ambayo angeipata kama ungechumwa Sirisia. Kwa hiyo alama hiyo haimwambii lolote kuhusu Elgon. Na pale ambapo alama haipo, msomaji huchukulia kwamba mmea haupo, ilhali huenda hakuna aliyewahi kwenda kutazama.

Aidha, milima haifikiki kila wakati. Ghasia za mwaka 2006 hadi 2008 katika wilaya ya Mlima Elgon, kati ya kundi la SLDF lililobeba silaha kwa sababu ya mgogoro wa ardhi na vikosi vya serikali, zilifukuza maelfu ya wakazi makwao, wengine wakikimbilia maeneo jirani ya Bungoma na Uganda. Miaka kama hiyo haiachi vielelezo katika makabati ya Nairobi. Atakayechora ramani ya mimea kwa kutumia vielelezo hivyo atachora pia, bila kujua, ramani ya usalama, ya barabara zinazopitika na ya vituo vya misitu vyenye mahali pa kulala.

Vielelezo vya Thomson vina upungufu mwingine ambao wataalamu wa leo hukabiliana nao. Maelezo yaliyoambatanishwa ni mafupi: jina la mlima au nyanda, pengine na kimo kwa futi. Hayataji kijiji, kijito wala jina ambalo wenyeji waliuita mmea. Alitembea na watu waliozijua njia, akapita kwa watu walioijua mitishamba, na katika kurasa zake maarifa ya kundi la kwanza yamepata nafasi kubwa kuliko ya kundi la pili. Makosa hayo hayakuwa yake peke yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa kawaida ya wakati wake na ya miongo mingi iliyofuata.

Vielelezo vya safari ya 1883 bado vimehifadhiwa Kew, na hutumika kama kipimo cha majina: mtaalamu anapobishana kama ua fulani ni spishi moja au mbili, hurudi kwenye jani lile lile lililobebwa na mpagazi hadi Mombasa. Anemone thomsonii imekwisha kuonekana pia Elgon, kwenye nyasi za juu upande wa Kenya na wa Uganda, mahali ambapo aliyeipa jina hakuwahi kufika.